Tumechoka Kuanza Upya

Sisi ni mama wa watoto wa selimundu, na tuna la kusema. Tumelisema kliniki, tumelisema kwenye vikao vya wazazi shuleni, tumelisema kwa waajiri na kwa mashemeji, na kila mahali tunasikilizwa kama watu waliofika kwa mara ya kwanza. Hilo ndilo linalotuuma zaidi. Watoto wetu wamezaliwa na ugonjwa huu na wataishi nao, lakini kila mlango tunaobisha uliwekwa kwa ajili ya mtu anayeugua mara moja, akapona, akaenda zake. Sisi hatuendi zetu. Tunarudi, tutarudi tena, na kila tukirudi tunaambiwa tuanze mwanzo.

Wala hatuko wachache. Wataalamu hukadiria kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na nchi yetu hutajwa miongoni mwa zile za mbele kabisa duniani kwa idadi hiyo, pamoja na Nigeria, Kongo na India. Tupo Mbagala na Tandika, tupo Tanga, na Kanda ya Ziwa ndiko tulikojaa. Tunafahamiana kwa kuonana kwenye benchi la kliniki. Anayekaa karibu nawe pale huna haja ya kumweleza kwa nini mtoto ana macho ya njano, kwa nini ana miaka 12 na umbo la mtoto wa miaka 8, kwa nini umebeba chupa kubwa ya maji na sweta katika jua la Dar es Salaam. Ninapoandika "sisi" ninasema maneno ya benchi hilo. Wenzangu wameniomba niyaandike, nami nayaandika.

Tuanze na usiku wa maumivu. Mtoto wa selimundu akipungukiwa maji mwilini, akipigwa na baridi, akipata homa au malaria, chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kukakamaa, zikaziba mishipa midogo. Sehemu iliyozibwa hukosa hewa, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Mtoto mchanga huvimba vidole vya mikono na miguu. Mkubwa huumwa mapaja, mgongo, kifua. Dada mmoja mwenye ugonjwa huu, ambaye naye amejifungua, alituambia kwamba uchungu wa kuzaa aliuona wa kawaida.

Sasa wewe mama umempa maji, umempa dawa ya maumivu iliyokuwapo nyumbani, umemkanda kwa maji ya uvuguvugu, na haikusaidia. Saa nane usiku unatafuta bajaji. Unafika dharura unaulizwa, "Ameanza kuumwa lini?" Unajibu kwamba ni mtoto wa selimundu. Unaulizwa faili na majibu ya vipimo vya nyuma. Faili halionekani, linafunguliwa jipya. Daktari wa zamu ni mgeni, yuko mafunzoni, mwezi ujao atahamishiwa wodi nyingine. Anaandika kipimo cha selimundu, kilekile ambacho mtoto alipimwa kabla hajaanza kutembea, nacho kinalipiwa. Kisha mtoto anaanzishiwa parasetamo, dawa aliyokwisha kunywa nyumbani ikashindwa, kwa sababu utaratibu unataka waanze na ile ndogo. Mtoto analia, na mama ana kazi ya kubembeleza watu wawili, mtoto na mhudumu.

Na lipo neno linalochoma kuliko sindano: "Huyu anajifanya." Vijana wetu wa miaka 15 na 16 ndio wanaolisikia zaidi. Maumivu ya kijana hayaonekani kwenye picha ya eksirei. Wingi wa damu yake huenda ni uleule wa siku zote, na nusu saa iliyopita alionekana akicheka na simu yake. Akiitaja kwa jina dawa kali inayomsaidia, maana anaijua, anatazamwa kama mlevi wa dawa. Mtu aliyeishi na maumivu tangu ana miezi sita hujifunza kuyabeba bila kelele. Anaweza kucheka na huku anaumwa. Tunawaomba madaktari na wauguzi walijue hilo na wamwamini mgonjwa wao, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuwaambia anavyoumwa.

Tutende haki: wapo wauguzi wanaowajua watoto wetu kwa majina na kwa utani wao, wapo waliotupa nauli kutoka mifukoni mwao. Kazi iliyoanza Muhimbili mwaka 2004, ambayo Profesa Julie Makani na wenzake wameiongoza, imefanya watoto wa Tanzania wajulikane katika elimu ya ugonjwa huu duniani, na kliniki zimewaokoa wengi ambao leo ni walimu na mafundi na mama wa watu. Lakini kliniki ni mchana, tena siku maalumu ya wiki, na maumivu huja usiku wa kuamkia Jumapili. Kinachojulikana kliniki hakijulikani kwenye dirisha la dharura. Tunataka mtoto awe na kadi moja inayotaja kundi lake la damu, wingi wa damu yake akiwa mzima, dawa anazotumia, na dawa ya maumivu inayomfaa na kipimo chake. Kadi hiyo iheshimiwe popote atakapofikishwa, iwe zahanati ya kata au hospitali ya rufaa.

Halafu damu yenyewe. Kwa sera ya nchi damu haiuzwi. Benki ikiwa tupu, ndugu huambiwa walete watu wa kuchangia, na mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara huwamaliza ndugu. Mwanamume akishachangia anatakiwa akae miezi mitatu, mwanamke minne. Mjomba ametoa, jirani mwenye bodaboda ametoa, mwalimu wa kwaya ametoa, na kabla miezi yao haijatimia mtoto anahitaji tena. Unarudi kwenye kundi la WhatsApp la familia na kuandika ombi lilelile, ukiona wazi kwamba wengine wamesoma na kunyamaza. Mchango mkubwa wa damu nchini hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana shule zikifungwa Juni na Desemba akiba hushuka, na mwezi wa Ramadhani vilevile. Tarehe za likizo zinajulikana tangu Januari. Kwa nini kampeni za maofisini, viwandani, masokoni na vyuoni zisipangwe ziangukie miezi hiyohiyo?

Tuje nyumbani, maana huko tunaumizwa na watu tunaowapenda. Mtoto akianza kuumwa kila mwezi, wifi husema, "Kwetu hatuna ugonjwa huo." Mama mkwe husema upande wa bibi harusi walificha jambo. Akiitwa mganga atamtaja jirani au shangazi, na mtoto atachanjwa chale kwenye miguu iliyovimba wakati anahitaji maji na hospitali. Baba taratibu huanza kuchelewa kurudi. Baadaye anapata nyumba nyingine, watoto wa huko wanazaliwa wazima, na ukoo unachukua uzima wao kuwa ushahidi kwamba tatizo lilikuwa kwetu.

Mtoto hapati selimundu bila kurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwenye urithi huo upande mmoja tu, ambaye kliniki huandikwa AS, kwa kawaida haumwi na hajijui. Wawili wa AS wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, yaani SS, nafasi mbili za kuleta mtoto AS kama wao, na moja ya kuleta mtoto asiye na chochote, yaani AA. Bahati hiyo huanza upya kila mimba. Aliyezaa mgonjwa mmoja hajamaliza zamu yake; tunao wenzetu waliozaa watatu mfululizo. Na yule baba aliyehama, akioa mwanamke wa AA, hatazaa mgonjwa, lakini bado amebeba alichokibeba alipokuwa nasi, na kila mtoto wake wa huko ana nusu ya nafasi ya kukirithi na kukipeleka mbele kimyakimya. Wanaume wachache sana hukubali kupimwa. Wengi husema, "Mimi sijawahi kulazwa." Ni kweli hajawahi, na hivyo ndivyo AS ilivyo.

Hili la ukoo nataka nilikalie kidogo, kwa sababu limevunja nyumba nyingi za benchi letu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki uliohusisha urithi huu na malaria. Alionyesha kwamba mtoto wa AS huihimili malaria kuliko wenzake. Mahali ambapo mbu waliua watoto kizazi baada ya kizazi, wenye urithi huo upande mmoja walibaki hai na kuzaa kwa wingi kuliko wasio nao. Ndiyo sababu umejaa kando ya Ziwa na huku pwani, na ni haba kule kwenye baridi ambako malaria haikuwa tishio. Hakuna laana hapo. Bibi zetu na babu zetu walifika utu uzima kwa kinga hiyo, na sisi tukazaliwa. Ile nusu iliyowahifadhi wao ndiyo, ikikutana na nusu mwenzake, inayowatesa watoto wetu.

Nilimweleza mama mkwe wangu habari hii tukiwa tunachambua mchele. Alikaa kimya muda, kisha akaniambia kuhusu mdogo wake wa kiume, huko kwao Ziwa, aliyekuwa akivimba mikono akiwa mdogo na kulia usiku hadi akafa. Walisema amelogwa. Bibi mmoja mjane alisingiziwa kifo hicho akahamishwa kijiji. "Basi yule bibi tulimwonea," alisema mama. Tangu siku hiyo hakunitupia tena neno la ukoo, na alipokuja kliniki nami aliwaeleza habari hiyo wanawake wengine, jina la yule bibi akilitaja waziwazi ili lisafishwe. Sisi tungependa habari za Allison zifundishwe kanisani na msikitini, kwenye semina za ndoa, kwenye redio za mikoani, kwa lugha ambayo bibi wa miaka 70 anaielewa. Kipeperushi kilichobandikwa ukuta wa kliniki kinasomwa na sisi ambao tayari tunajua.

Shuleni nako tunaanza upya kila Januari. Mwalimu wa mwaka jana alielewa, mwaka huu yuko mwingine. Mtoto wetu anahitaji kunywa maji muda wote, na figo zake hazizuii maji vizuri, kwa hiyo anahitaji kwenda chooni mara nyingi. Wengine hukojoa kitandani hadi wakubwa. Mwalimu asiyejua humnyima ruhusa, humchapa kwa utoro anaporudi kutoka wodini, humtoa nje akapigwe na jua au humsimamisha mstarini asubuhi ya baridi. Mtoto akilia mwili unauma anaambiwa ni mvivu. Barua ya daktari tunapeleka, inawekwa kwenye droo ya ofisi, na mwalimu wa zamu hajaiona.

Na kuna lile ambalo wengi hawaamini hadi walione: mtoto kupata kiharusi. Mwanangu wa mwisho alipatwa akiwa darasa la pili. Alikuwa anakula ugali, mkono wa kulia ukaacha kushika tonge. Jirani alisema kiharusi ni cha wazee, huyu kapitiwa na upepo mbaya. Kwa watoto wa selimundu kiharusi ni hatari inayojulikana. Kipo kipimo cha ultrasaundi kinachopima kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, na kinaweza kumtambua aliye hatarini kabla hajaanguka, akaongezewa damu kwa mpango au akapewa dawa ya haidroksiyurea. Mama wengi kwenye benchi letu wamekisikia kipimo hicho baada ya mtoto kuanguka.

Mwanangu sasa huandika kwa mkono wa kushoto na anatembea akiburuta mguu. Anashika mambo polepole, na hesabu za jana husahaulika leo. Hapo ndipo tulipokutana na mlango mwingine ambao haukutengenezwa kwa ajili yetu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo na ina maneno mazuri kuhusu elimu na afya. Lakini tukienda kuwaandikisha watoto wetu, anayeandikisha hutafuta fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Huyu anatembea, anaongea, anasikia, wapi ulemavu? Mwenzetu ana binti ambaye kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu. Siku njema anapanda daladala, siku mbaya hawezi kutoka kitandani kwenda chooni. Alipopelekwa kuandikishwa ilikuwa siku njema. Lile fungu la asilimia 2 la mapato ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya watu wenye ulemavu nalo ni la watu wazima. Mtoto wa miaka 10 hakopi, na mama yake aliyeacha biashara ya vitumbua ili amkande miguu hahesabiwi kuwa na hitaji lolote.

Kazi zetu zimekwenda hivyo. Walioajiriwa miongoni mwetu wanaijua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa machozi. Iliandika angalau siku nne za likizo yenye malipo kwa kuugua au kufa kwa mtoto, na siku hizo ni za mzunguko mzima wa miezi 36. Miaka mitatu, siku nne, na ndani ya siku hizohizo umo ugonjwa na umo msiba. Zinazozidi ni hisani ya mwajiri, naye anaweza asizilipe. Mtoto wetu akilazwa mara moja tu, siku nne zimeisha kabla hajatolewa dripu. Baada ya hapo tunaomba likizo ya mwaka, tunabadilishana zamu, tunadanganya kwamba ni sisi tunaoumwa, na mwisho tunaachishwa au tunaacha wenyewe. Walio wengi kati yetu hawana hata siku hizo: ni mama lishe, wauza mboga, wafanyakazi wa ndani, wakulima. Usipofungua meza hakuna hela ya siku hiyo, na hela ya siku hiyo ndiyo nauli ya hospitali.

Bima nayo. Mtoto wa chini ya miaka mitano anatakiwa atibiwe bure, na tunashukuru. Akitimiza mitano ugonjwa haujui kwamba amevuka umri. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmojammoja, ilipokuwapo kwa shilingi 50,400 kwa mwaka ilikuwa nafuu tuliyoisubiri; wengine waliuza kuku na vitenge ili wapate kiasi hicho. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ulisitishwa, ikielezwa kwamba mfuko wa bima unaelemewa kwa kuwa wazazi wengi hukata kadi watoto wakiwa tayari wanaumwa. Baadaye kadi ikarudishwa. Tunaielewa hoja ya mfuko: bima haisimami bila wazima kuwachangia wagonjwa. Lakini sisi hatukusubiri watoto waugue ndipo tukate kadi. Walizaliwa wanaumwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huohuo 2023 ilitupa matumaini, na tunachotaka kuona katika utekelezaji wake ni haidroksiyurea, damu, vipimo na mazoezi ya viungo baada ya kiharusi vikiwamo kwenye kitita cha kila mtu, kila mwaka, bila barua ya maombi maalumu.

Msiba ningependa niuache, lakini wenzangu walisema usipouandika hujaandika kitu.

Wengi wetu tumezika. Mimi nilimzika mwanangu wa pili alipokuwa na miaka mitatu. Mchana alicheza, jioni akapauka midomo, tumbo likajaa upande wa kushoto, usiku akawa ameondoka. Ilikuwa bandama: damu nyingi hukimbilia humo kwa saa chache, na mwili unabaki mtupu. Hatukujua kwamba ana selimundu. Kipimo cha haraka kilichofanywa akiwa mchanga kabisa kilionyesha hana, na hakuna aliyetuambia kwamba damu ya mtoto mchanga bado ina hemoglobini ya tumboni na kwamba kipimo kile kwa umri huo kinaweza kukosea. Watu walikuja, wakapika, wakaimba. Walisema amepumzika. Walisema mimi bado kijana, nitazaa mwingine. Nilizaa mwingine. Hakuna mtu, wa hospitali wala wa nyumbani, aliyetuita mimi na baba yake na kutupima kabla ya mimba hiyo, na huyo mwingine ndiye aliyepata kiharusi.

Huko Jamaika walianza kupima watoto wote waliozaliwa katika hospitali kubwa ya uzazi ya Kingston mwaka 1973. Daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafuatilia wale walioonekana na ugonjwa, na wakawafundisha mama zao jambo moja: kupapasa bandama ya mtoto kila siku kwa vidole, kujua inapoishia, na kukimbia hospitali ikivimba. Vifo vya bandama vilipungua sana. Ni mama wa kawaida, wengi wao maskini, na ni vidole vyao tu. Ninapowaza habari hiyo huwa nalazimika kuacha ninachofanya na kukaa chini. Siku ile tulipompeleka chanjo ya surua angeweza kupimwa tena, nami nikafundishwa kwa robo saa.

Baada ya mazishi, mama wa mtoto wa selimundu hufutwa mahali pote kwa pamoja. Kliniki hawapigi simu kuuliza kwa nini hakuja. Kundi la WhatsApp la wagonjwa anajitoa mwenyewe, kwa sababu hajui kama bado ni wa humo. Ofisini siku zake nne zilikwisha wakati wa kuuguza. Ukoo unasema mtoto alikuwa mtu wa kuumwa, kana kwamba aliyekuwa akiumwa hapaswi kuliliwa muda mrefu. Sisi tunasema kinyume. Mtoto uliyemkesha, ukajua kila mfupa wake unaouma kwa mvua ipi, anaacha pengo kubwa mno, kwa maana saa zako zote alikuwa nazo yeye. Tumekubaliana kwenye benchi letu kwamba aliyezika habanduki. Anakaa nasi, anamshikia mtoto mgeni, anamwonyesha mama mgeni bandama ilipo. Kazi hiyo tunaifanya bila posho na tutaendelea kuifanya, lakini ilipaswa kuwa kazi ya kliniki.

Tunasoma pia yanayotokea kwingine. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha chembe za urithi za mgonjwa mwenyewe, na bei yake Marekani ikatangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wa selimundu, na tulilia kwa furaha, ingawa watoto wa wengi wetu hawana ndugu anayelingana nao, na gharama bado iko mbali. Hatujaja kudai ya dola milioni mbili. Tunadai mtoto apimwe siku anapopata chanjo yake ya kwanza, kwa tone la damu ya kisigino na kwa kipimo kinachofaa umri huo. Akionekana mgonjwa, apewe penisilini ya kinga hadi afikishe miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, na haidroksiyurea kwa umri unaotakiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba watoto wetu wa Afrika wanaimudu haidroksiyurea, na kwamba maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Vidonge vyake viwepo kwenye duka la dawa la hospitali ya wilaya mwezi mzima, visiwe vya wiki ya kwanza tu.

Na vijana wapimwe kabla ya ndoa. Makanisa mengi tayari hutaka majibu ya VVU kabla ya kufungisha. Kuongeza kipimo hiki kwenye safari hiyohiyo ya maabara si mzigo. Hatusemi AS wawili wakatazwe kuoana. Tunasema waambiwe, wakae na mshauri anayejua, waamue wakiwa na macho wazi, na wajue pa kumpeleka mtoto siku anapozaliwa. Binti yangu wa kwanza ana AS na amechumbiwa. Tumeomba kijana apimwe kabla ya mahari kupokelewa. Wazazi wake walikasirika mwanzoni, wakauliza kama tunawashuku, na mama mkwe wangu ndiye aliyewafuata kwao akawaeleza. Wamekubali kwa shingo upande. Majibu yanatoka Ijumaa, na yakiwa AS tutakaa wote, koo mbili, tuzungumze.